Bomba la Ukuta wa Kaskazini

Mgeni alifika wakati Normand Cyr ana ploye ya tatu mkononi.

Ilikuwa Jumanne ya Januari, saa tatu asubuhi. Lori lake la mafuta lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya Mwalimu Obéline Daigle huku injini ikiunguruma, maana kwa baridi ile hakuna dereva aliyethubutu kuizima. Alikuwa ameshajaza tangi la chini ya nyumba. Alikuwa ameshakwangua barafu kwenye ngazi, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti chake pembeni ya dirisha, akipaka siagi juu ya ploye, vile vichapati vya kahawia vyenye matundu upande mmoja ambavyo Mwalimu alivipika kila alipolisikia lori likipanda mlima.

Kiti kilikuwa chake kwa mazoea tu. Lakini mazoea ya miaka ishirini na saba yana nguvu kuliko hati. Marehemu mume wa Mwalimu alikikalia, na alipofariki, Obéline alimwambia Normand, "Keti pale, sipendi kukiona kitupu." Normand akaketi, na tangu hapo hapakuwa na mwingine.

Mlango ukagongwa.

Huko Bondeni, kaskazini kabisa mwa Maine, ambako ukivuka mto unakuwa Kanada, watu hawagongi milango. Mtu hufungua, hukung'uta theluji viatuni, kisha huita. Kwa hiyo wote wawili walijua kwamba aliyeko nje si wa huko.

Aliingia msichana mwenye koti la rangi ya machungwa, amekumbatia jalada lenye muhuri wa jimbo.

"Samahanini. Namtafuta Bibi Daigle. Naitwa Joelle. Nimetoka kwenye mpango wa jimbo wa pampu za joto."

"Umepotea, binti," alisema Normand. "Nyumba hii inatumia mafuta."

"Hajapotea," alisema Obéline, akiwa ameukazia macho mwiko. "Nilijaza fomu mwezi wa kumi. Nilisahau kukwambia."

Mwalimu Obéline alikuwa na miaka themanini na mmoja, na hakuwahi kusahau kitu. Alikumbuka hata siku Normand alipokuwa darasa la nne akatafuna kona ya kitabu cha hesabu. Normand akaiweka ploye kwenye sahani.

"Joelle nani?" aliuliza Obéline.

"Lagacé. Natoka Lewiston."

"Hakuna Lagacé wa Lewiston. Wapo Lagacé waliohamia Lewiston kufanya kazi viwandani. Bibi yako nani?"

"Alphéna. Kabla hajaolewa alikuwa Nadeau."

Mwiko ukatua juu ya jiko. "Alphéna Nadeau, wa shamba la viazi la juu kule? Mimi na yeye tulikaa dawati moja miaka sita. Mungu wangu, hebu geuka nikuone. Pua ni ile ile." Kisha, bila hata kumtazama, akasema, "Normand, mpishe mtoto aketi."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema yule aliyekuwa amekalia kiti kabla ya mgeni atapona vipi.

Normand akainuka.

*

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Bunge la jimbo kule Augusta, mwendo wa saa tano kwa gari kuelekea kusini, lilikuwa limepitisha sheria ya kupunguza moshi unaoichafua hewa na kuyaharibu majira. Katika jimbo lile, moshi mwingi ulitoka majumbani, kwenye matangi kama yale aliyoyajaza Normand. Kwa hiyo serikali ikaamua kuwafungia wazee wenye kipato kidogo pampu za joto, mashine zinazotumia umeme kunyonya joto kutoka kwenye hewa ya nje na kulileta ndani. Mzee hakudaiwa chochote. Masharti yalikuwa tangi litolewe, bomba la kujazia ling'olewe, na fundi wa mafuta mwenye leseni, kama Normand mwenyewe, aweke sahihi kwamba nyumba ile imeachana na mafuta. Kisha mkaguzi angekuja katikati ya Machi.

"Joto kwenye hewa ya nje," Normand alimwambia mkewe jioni ile. "Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Joto gani liko nje? Wa Augusta wanajua nini kuhusu baridi ya huku?"

"Friji yako nayo inatoa joto kwa nyuma," alisema Lorette. "Unalihisi mkononi kila siku unaponyemelea keki."

"Hilo ni jambo lingine."

"Ni jambo hilo hilo. We Norm, nikwambie ukweli? Una wivu. Una wivu na bibi wa miaka themanini na mmoja na sanduku jeupe la plastiki."

Normand alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Kulikuwa na nyumba kumi na moja nyingine kwenye barabara ile, zote wateja wake, na wenyewe walikuwa wameshamwambia waziwazi: tunamtazama Mwalimu. Akivuka baridi hii na mashine yake, na sisi tutaomba fomu. Nyumba hizo zilikuwa nusu ya mzunguko wake. Baba yake alimwachia lori la kwanza na barabara hiyo, na baba huyo alikuwa ameipata kutoka kwa baba yake, aliyewauzia watu wale wale kuni kwa farasi. Normand hakuwa na mtoto wa kumwachia, lakini alitaka awe yeye wa kuamua siku ya kuiacha.

Hata hivyo, si nyumba kumi na moja zilizomkosesha usingizi. Ni kile kiti.

*

Mwezi wa pili Joelle alirudi na wenzake wawili, wakafanya kazi siku nne. Normand alilipitisha lori pale mara sita, akipunguza mwendo kama anayetafuta namba ya nyumba. Aliona mashine ya nje ikisimamishwa juu ya miguu mirefu ili theluji isiifunike. Aliona vipande vya tangi vikitolewa kupitia mlango wa chini, tangi alilolijua kama anavyolijua tumbo lake mwenyewe. Na mara zote sita, dirishani, aliliona koti la machungwa limetundikwa kwenye mgongo wa kiti.

Siku ya nne Obéline alimsimamisha barabarani kwa kupunga kitambaa cha vyombo.

"Bomba la kujazia limebaki," alisema. "Ndani wamelikata, lakini la nje limezikwa na theluji iliyoporomoka kutoka paani. Joelle anasema atalitafuta kwa mashine. Nimemwambia aache. Nimemwambia Normand analijua, Normand ataling'oa."

Joelle alikuwa amesimama nyuma yake, pua nyekundu kwa baridi. "Kama hutajali, mzee wangu. Ningeweza mwenyewe, lakini Bibi Obéline amekataa katakata. Anasema ningekuvunjia heshima."

Normand alimtazama. Lau msichana angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi. Ila alikuwa na adabu, na adabu yake ilimchoma zaidi.

"Nitaling'oa," alisema.

"Lini?" aliuliza Obéline, kwa ile sauti ya darasani.

"Kabla ya mkaguzi, Mwalimu. Nakuahidi."

"Niangalie machoni unaposema."

Akamwangalia machoni, akarudia.

Hakuling'oa wiki ile, wala iliyofuata. Kila mara palikuwa na sababu: mara upepo, mara spana kubwa iko kwa binamu yake. Ukweli ni kwamba lile bomba lilikuwa kitu chake cha mwisho kwenye ukuta ule. Kadi ya Obéline nayo, ile yenye jina, mahali lilipo bomba na siku ya kujaza, aliiacha kwenye kasha la bati ndani ya lori, baina ya kadi za majirani zake, Bouchard na Deschaine. Aliigusa kila asubuhi kwa kidole gumba, akaipita.

Baridi kuu ilipokuja, nyuzi thelathini chini ya sifuri, miti ikipasuka mlio kama wa bunduki, Normand aliondoka nyumbani mapema kuliko kawaida. Mwalimu alibaki na jiko lake la kuni kwa dharura, na Normand alijua kwamba moshi ukionekana kwenye bomba la jiko, basi mashine imeshindwa. Alipofika kwenye kona aliona moshi mzito, mweupe, umenyooka kwenda juu. Moyo wake ukaruka kwa furaha aliyoionea haya hapo hapo. Akaingia bila kugonga.

"Mwalimu, usiogope, nimekuja. Mashine imekufa?"

Obéline alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi. Juu ya jiko la kuni kilikaa chungu kikubwa.

"Mashine iko salama. Nachemsha maharage ya Jumamosi. Maharage ya umeme hayana ladha." Akamtazama. "Mbona umevaa sura ya msiba?"

Simu ilikuwa mezani, na sauti ya Joelle ilitoka humo, akiuliza kutoka mbali kama chumba cha kulala nacho kina joto. Alikuwa akipiga kila alfajiri tangu baridi ianze. Normand naye alikuwa akimpigia Mwalimu kila baridi kama hiyo, miaka ishirini na saba. Mwaka huu hakupiga, kwa hasira, na Mwalimu hakulalamika kuikosa.

Wiki iliyofuata afisa kutoka Augusta alikuja na mpiga picha. Gazeti la Bonde likatoa picha ukurasa wa kwanza: Mwalimu Obéline amesimama, na Joelle kwenye kiti cha dirishani, anacheka, ana ploye mkononi. Lorette aliliacha gazeti mezani makusudi. Normand alilitazama kwa muda mrefu. Maisha yake yote hakuna mtu aliyekuja kupiga picha lori la mafuta.

"Picha nzuri," alisema Lorette.

"Ploye yenyewe ameishika kama karatasi," alisema Normand.

*

Machi ikaja na mambo yake ya siku hizi. Ilinyesha mvua. Baba yake Normand aliishi miaka sabini na minane Bondeni na hakuwahi kuona mvua wiki ya pili ya Machi. Sasa ilikuwa mara ya tatu katika miaka mitano. Mto ulianza kunguruma chini ya barafu mapema, na wenye nyumba za ukingoni wakaanza kupandisha vitu ghorofani. Kisha usiku ukaganda, na barabara zote zikawa kioo. Normand aliteleza akiwa kwenye ngazi yake mwenyewe. Goti likavimba kama tikiti.

Binamu yake, aliyekuwa na malori manane kule Caribou, akamkopesha dereva kwa siku moja. Jina lake Dustin, kijana mwenye ndevu nyingi na maneno machache. Alikuja asubuhi, akachukua funguo, akaondoka na lori na kasha la kadi.

Normand alikuwa amejilaza sebuleni, goti juu ya mito miwili, Lorette akimpaka dawa.

"Angalau nyumba za mlimani zimepungua moja," alisema Lorette. "Kadi ya Mwalimu si umeitoa?"

Normand akanyoosha mkono kutafuta simu.

"Norm. Umeitoa?"

Kila dereva wa mafuta anaijua hadithi ile. Kila mmoja amesimuliwa siku ya kwanza ya kazi, na kila mmoja anaapa haitamtokea. Unafika kwenye nyumba, unaona mdomo wa bomba ukutani, unafunga mpira wa lori wa kupitishia mafuta, unafungua valvu. Hujui kwamba tangi lilishaondolewa. Mafuta yanamwagika ndani ya nyumba, galoni mia mbili, yanazama kwenye saruji, yanafika kwenye kisima, na nyumba haikaliki tena. Ndiyo maana kuna filimbi. Mafuta yakiingia tangini, hewa hutoka kupitia filimbi, nayo hulia, na dereva husikiliza. Hakuna filimbi, hakuna mafuta. Lakini Machi filimbi nyingi huganda, na dereva mgeni mwenye kadi mkononi huamini kadi.

Alimpigia Dustin. Simu haikupokelewa; kijana alikuwa amevaa vifaa vya kuzuia kelele masikioni. Akampigia Obéline. Simu ikaita mpaka ikakoma. Alikuwa ukumbini kanisani, akiandaa chakula cha Ijumaa.

Normand alibaki na simu mkononi, na kwa muda wa pumzi mbili au tatu wivu ulimsemesha kwa sauti laini kama ya rafiki. Ulimwambia: una goti bovu, nani atakulaumu? Bomba lilikuwa kazi ya mafundi wa serikali. Ikitokea, Bonde zima litasema ona mambo ya Augusta. Picha ile ya gazetini itageuka kichekesho. Nyumba kumi na moja zitabaki zako mpaka utakapochoka mwenyewe. Na yule msichana hatakalia kiti chochote huku tena.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiona blauzi ya mikono mifupi, na chungu cha maharage.

"Nipe viatu," alimwambia mkewe.

"Huwezi kuendesha."

"Basi endesha wewe. Na spana kubwa iko nyuma ya mlango wa gereji."

"Si ulisema iko kwa binamu yako?"

"Nilidanganya."

*

Lori lilikuwa mbele ya nyumba ya Mwalimu. Mvua ilikuwa imeyeyusha lile lundo la theluji, na bomba lilikuwa limetoa kichwa chake ukutani. Mpira ulikuwa umeshavutwa hadi ukuta wa kaskazini, umeshafungwa, na Dustin alikuwa ameinama, mkono kwenye valvu.

Lorette akapiga honi na hakuiachia. Dustin akageuka. Normand alishuka akirukaruka kwa mguu mmoja, ameshika gari, kisha uzio, kisha ukuta.

"Umefungua?"

"Bado. Ndo nilikuwa naanza."

"Basi ondoa mkono, mwanangu. Polepole. Hakuna tangi humo."

Dustin aliuangalia mkono wake kama si wake. Rangi ikamtoka. "Lakini kadi..."

"Kadi ni kosa langu."

"Na hili bomba linafanya nini hapa kama hakuna tangi?"

"Lilikuwa linanisubiri mimi," alisema Normand.

Dustin akautoa mpira kwenye bomba, akauviringisha. Kisha akachukua koleo, akachimba barafu iliyobaki kuzunguka bomba. Alipotaka kuishika spana pia, Normand akamzuia. Alipiga goti zima kwenye theluji iliyolowa, lile bovu akalinyoosha pembeni, akaing'ang'anisha spana. Bomba halikutaka. Lilikuwa limekaa pale tangu kabla Normand hajaota ndevu. Yaelekea baba yake ndiye aliyelikaza. Akavuta mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile, goti likipiga kelele kila mvuto. Lorette alisimama nyuma yake amemshika mabega asianguke.

Gari likaegeshwa. Obéline na Joelle wakashuka. Msichana alikuwa amekuja kujiandaa na mkaguzi wa kesho, akampitia Mwalimu ukumbini. Joelle aliona lori, mpira, shimo kwenye theluji. Hakuhitaji kuelezwa. Akaweka mkono mdomoni.

"Ningelichimbua mwenyewe siku ile," alisema. "Nilijua hatari yake. Ni mimi..."

"Siyo wewe," alisema Normand, bila kugeuka. "Kadi niliiacha kwa kutaka. Na bomba nilikuwa nimeahidi mimi."

Spana ikateleza, ikashika tena. Kitu kikalia ndani ya ukuta kama jino linalong'olewa. Bomba likazunguka robo, nusu, kisha likatoka lote, zito, likinuka mafuta ya miaka. Normand akalilaza kwenye theluji. Shimo lilibaki ukutani, jeusi, na kutoka ndani yake akauhisi usoni upepo mdogo wa joto ambao haukuwa wake.

Upande wa pili wa barabara mlango ukafunguka. Mzee Gilman Bouchard, aliyekuwa ameona mambo yote dirishani, alivuka na ndara zake.

"Limetoka?" aliuliza. "Basi Mwalimu amevuka. Binti, zile fomu unazo kwenye gari?" Kisha akamwona Normand pale chini, akaona haya. "Usinielewe vibaya, Norm. Mafuta yako hayakuwahi kuwa na kasoro."

"Sijakuelewa vibaya, Gilman."

Joelle alimtazama Normand, si Bouchard. Hakukimbilia gari. "Zipo," alisema. "Lakini ngojea kwanza, mzee wangu. Tumalize hapa."

Wakaziba shimo. Wakamwingiza Normand ndani, Dustin kwapa moja, Joelle kwapa la pili. Akawekwa kwenye kiti cha dirishani kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mlango, wala hakuna aliyetoa hotuba juu yake. Obéline aliweka kikaango jikoni kabla hajavua koti.

"Umechelewa, Normand," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mkaguzi anakuja kesho saa mbili."

"Najua, Mwalimu."

Joelle akaweka karatasi mezani, ile yenye muhuri, na kidole chake kikaonyesha mstari wa chini: jina la fundi, namba ya leseni, sahihi. Nje ya dirisha Gilman Bouchard alikuwa bado amesimama uani na ndara zake, akingoja, na nyuma yake mke wa Deschaine alikuwa naye ametokeza barazani akijifunga skafu.

Normand aliwaona wote wawili. Akachukua kalamu, akaandika jina lake lote bila kulifupisha, na namba ya leseni, na tarehe.

Obéline akaja na mwiko, akainama juu ya bega lake, akasoma.

"Herufi C yako bado inalala," alisema.

Normand akaichukua tena kalamu, akaisimamisha ile C.